Kijana anayetaka kusomea tiba ya uti wa mgongo ajue haya

MAUMIVU ya mgongo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowapeleka watu wa mijini kwa daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Dereva wa matatu anayeketi kutwa nzima, karani anayeinamia kompyuta, mama anayepandisha mitungi ya maji ghorofani na kijana wa mjengo anayebeba simiti, wote wanayajua maumivu hayo.

Penye wagonjwa wengi hapakosi vijana wanaotaka kuisomea tiba yao. Ndiyo sababu wazazi huniuliza swali hili: "Daktari, mtoto wetu ameitwa na chuo cha ng'ambo akasomee kairopraktiki. Je, atarudi akiwa daktari?"

Jibu langu ni hili. Akisomea chuo kinachotambuliwa, atarudi na shahada ya haki aliyoitolea jasho. Lakini hatarudi akiwa daktari wa kuandika dawa, wa kuzalisha wala wa kupasua. Hilo si kosa, mradi familia ilijue kabla ya kuuza shamba, si baada.

Leo basi, msomaji, tuitazame taaluma hii: ni nini, ilianzia wapi, husomewaje, na mambo gani uyachunguze kabla ya kulipa ada.

KAIROPRAKTIKI NI NINI?

Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mkono na tendo. Ni tiba inayotendwa kwa mikono, hasa juu ya uti wa mgongo.

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazosogea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake kuna mifupa iliyoungana, ile ya nyonga na kifandugu. Kati ya pingili nyingi kuna visahani vya gegedu vinavyozuia mifupa isigongane, na pembeni hutokea neva zinazokwenda mikononi, kifuani na miguuni.

Tabibu wa kairopraktiki humhoji mgonjwa, humpima, hupapasa viungo na misuli, kisha husukuma kiungo kilichokaza. Msukumo wenyewe ni wa ghafla lakini ni wa umbali mdogo sana. Wengi wao pia hufundisha mazoezi na namna ya kuketi au kuinua mizigo.

Mara nyingi kiungo kikisukumwa husikika mlio. Watu hudhani ni mfupa uliotoka unaorudi mahali pake. Sivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walipiga picha za MRI wakati vidole vya mkono vinavutwa, wakaona uwazi wa gesi ukijitokeza ghafla ndani ya ute wa kiungo. Mlio si dalili ya kupona, na kutosikika kwake si dalili ya kushindwa.

ILIANZIA WAPI?

Mwanzilishi wake ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Canada aliyekuwa akitibu watu kwa sumaku katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Hakuwa na shahada ya udaktari. Mwezi Septemba mwaka 1895 alimsukuma pingili mtu aliyeitwa Harvey Lillard, mfagiaji wa jengo ambaye masikio yake yalikuwa mazito, na Palmer akatangaza kwamba Lillard amesikia tena. Mwaka 1897 alifungua shule iliyo mzazi wa chuo cha Palmer cha hivi leo.

Palmer aliendelea kudai kwamba asilimia 95 ya maradhi yote husababishwa na pingili zilizosogea. Mwanafunzi yeyote wa anatomia anaona tatizo la dai hilo papo hapo: neva ya kusikia hutoka sikioni na kuingia kwenye ubongo ndani ya fuvu, wala haipiti katika pingili za mgongo.

Vita kati ya matabibu hao na madaktari vilikuwa vikali. Mwaka 1906 Palmer alitiwa jela kwa kutibu bila leseni. Kansas ilipitisha sheria ya kuwatambua mwaka 1913, lakini Louisiana, jimbo la mwisho, ilingoja hadi 1974. Chama cha madaktari cha Marekani nacho kiliwakataza wanachama wake kushirikiana nao. Mwaka 1976 matabibu kadhaa wakakishtaki, na mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani wa haki kwa kula njama ya kuiua taaluma yao.

Nimeyaeleza haya kwa sababu mwanafunzi ataukuta mgawanyiko huo ungalipo. Wako walimu wanaofundisha kairopraktiki kama tiba ya maumivu ya mgongo, shingo na viungo. Wako wengine wanaoshikilia kwamba kunyoosha pingili huzuia au huponya maradhi ya kila aina. Mwaka 2010 baraza linalosimamia taaluma hii nchini Uingereza lilitamka wazi kwamba dhana ya pingili zilizosogea ni ya kihistoria, na kwamba hakuna ushahidi wa utafiti wa kudai kuwa ndizo chanzo cha maradhi. Kijana ajue mapema anakwenda kufunzwa na upande upi.

MASOMO YENYEWE

Usione vyaelea, vimeundwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unasema kwamba mtu asiye na elimu ya utabibu asome kwa miaka minne, kwa muda wote, saa zisizopungua 4,200 za kufundishwa. Ndani ya hizo, saa zisizopungua 1,000 ziwe za kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Anayekuahidi cheti kwa semina ya wikendi tatu anakuuzia karatasi.

Marekani, mwanafunzi haingii kozi hii moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Hutakiwa kwanza kuwa amesoma chuo kikuu kwa kiasi cha miaka mitatu, ikiwemo sayansi ya viumbe, kemia na fizikia. Wengi huwa tayari wana shahada ya kwanza. Hapo ndipo huanza kozi ya udaktari wa kairopraktiki, inayojulikana kwa herufi DC.

Sehemu ya kwanza hufanana sana na masomo tuliyopitia sisi madaktari: anatomia, pamoja na kupasua maiti, namna mwili unavyofanya kazi, kemia ya mwili, na mpangilio wa neva. Baadaye huja elimu ya magonjwa, vijidudu, kusoma picha za eksirei, na vipimo vya mifupa na neva. Wakati huohuo mikono inafunzwa. Wanafunzi hupapasana na kusukumana wao kwa wao, saa baada ya saa, mpaka vidole vijue tofauti ya kiungo kilicholegea na kilichokaza. Sehemu ya mwisho ni kliniki, ambako mwanafunzi huona wagonjwa halisi na mwalimu huidhinisha kila hatua.

Tofauti na udaktari iko hapa. Mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi husoma miaka sita, kisha hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya usimamizi. Amelala wodini, amezalisha, amepima watoto wenye homa, amesimama kando ya meza ya upasuaji. Mwanafunzi wa kairopraktiki hupata saa nyingi kuliko sisi za kupapasa na kusukuma viungo, lakini hupata kidogo sana katika dawa na wodi. Kwa kawaida hutahiniwa kama mtu atakayefanya kazi bila dawa na bila kisu.

Akimaliza chuo, kazi haijaisha. Marekani kuna mtihani wa bodi ya taifa wenye sehemu nne, ya mwisho ikiwa ya vitendo, halafu leseni ya jimbo atakalofanyia kazi.

WAPI HUSOMEWA?

Jina la shahada hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na hili huwachanganya wazazi wengi.

Afrika Kusini, iliyo karibu nasi zaidi, kozi hii hutolewa na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg. Mwanafunzi husoma shahada ya kwanza ya miaka minne na ya uzamili ya miaka miwili, akiandika tasnifu ya utafiti. Anayehitimu hujiandikisha na baraza la taaluma za afya zinazoambatana na udaktari, wala si baraza la madaktari.

Uingereza, chuo cha Bournemouth kimefundisha kairopraktiki tangu 1965, na sasa ni sehemu ya chuo kikuu cha sayansi za afya. Hutoa shahada ya uzamili badala ya ile iitwayo udaktari. Tangu sheria ya mwaka 1994, ni kosa mtu kujiita tabibu wa kairopraktiki nchini humo bila kusajiliwa. Denmark, katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark kilichoko Odense, wanafunzi hao hujifunza masomo mengi ya msingi pamoja na wanafunzi wa udaktari. Canada, chuo cha Toronto kilianzishwa mwaka 1945.

Kuhusu gharama, katika vyuo vingi vya Marekani ada pekee ya kozi nzima hupita dola 100,000. Kwa ubadilishanaji wa fedha wa mwaka 2025, hizo ni kiasi cha shilingi milioni 13. Bado hujalipa nyumba, chakula, bima wala nauli, na bado hujahesabu miaka ya chuo kikuu inayotangulia. Fedha hizo zinaweza kuwa shamba la ukoo na mchango wa harambee nzima. Familia ina haki ya kuuliza zitarudi vipi.

TIBA HII INASAIDIA?

Nisiwe kama yule wa kusifu tu au wa kuponda tu. Kwa maumivu ya kiuno, ushahidi upo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliorodhesha kusukuma uti wa mgongo miongoni mwa njia za kuanza nazo kabla ya dawa, pamoja na joto na kukandwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja pia, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa, katika mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno.

Lakini soma ushahidi huo kwa makini. Nafuu yenyewe ni ya wastani, na tafiti zikijumlishwa zinaonyesha kwamba haipiti sana ile inayoletwa na njia nyingine zinazopendekezwa, kama vile mazoezi. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kusukuma pingili hutibu pumu, kisukari, shinikizo la damu au ugumba. Mhitimu atakayetundika kibao cha kutibu hayo yote atakuwa ameichafua shahada yake mwenyewe.

Shingo nayo inahitaji tahadhari ya pekee. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Ukuta wa mshipa huo ukichanika, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Mwaka 2014 chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani kilieleza kwamba tukio hili ni nadra, na kwamba limehusishwa na kusukumwa kwa shingo, ingawa huenda baadhi ya wagonjwa walikuwa wamekwenda kwa tabibu kwa sababu mshipa ulikwisha kuchanika na ndio uliokuwa ukiwauma. Hata hivyo, mgonjwa anapaswa kuelezwa hatari hiyo kabla ya kuguswa.

SOMO KUBWA: NANI ASIGUSWE

Hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Thamani ya shahada hii haipimwi kwa ustadi wa kusukuma tu. Hupimwa kwa uwezo wa kumtambua mgonjwa asiyefaa kusukumwa.

Tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 35 anaingia kliniki mjini. Mgongo umemuuma miezi miwili, katikati, mahali pamoja. Hauponi hata akilala. Jioni hupata homa, usiku hutoka jasho, na suruali zimeanza kumpwaya. Mwanafunzi aliyefunzwa katika nchi yenye kifua kikuu kidogo anaweza kuwaza misuli. Daktari wa Kenya ni lazima awaze kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Ugonjwa huo ulielezwa na mpasuaji wa London, Percivall Pott, mwaka 1779, na bado tunao. Bakteria hula mfupa wa pingili taratibu mpaka ukaporomoka, na mgonjwa akapata kibyongo. Pingili iliyoliwa namna hiyo ikisukumwa kwa nguvu, inaweza kuvunjika na kuuminya uti ulio ndani. Aliyeingia akitembea anaweza kutoka akibebwa. Naye angetibiwa kwa vidonge, ambavyo hapa nchini hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Hicho si kisa pekee. Mzee wa miaka 65 mwenye maumivu mapya ya kiuno huenda ana saratani ya tezi kibofu iliyofika kwenye mifupa. Mwenye maumivu na homa aliyezoea maziwa yasiyochemshwa huenda ana brusela. Nyanya aliyeteleza bafuni huenda pingili imevunjika kwa sababu mifupa imekuwa dhaifu. Na anayepoteza hisi sehemu za siri, au anayeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, ana neva zilizominywa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, kijana ukisoma ng'ambo, usitosheke na wagonjwa wa huko. Likizo zako omba ruhusa ya kuketi katika kliniki ya mifupa na ya kifua kikuu hapa nyumbani. Tazama picha za eksirei za pingili zilizoliwa. Chuo kinaweza kukupa mikono; nchi yako ndiyo itakayokufunza ni magonjwa gani yanayojificha mgongoni.

CHETI NA SHERIA ZA NYUMBANI

Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya husajili waliosomea udaktari na udaktari wa meno. Shahada ya DC, ingawa ina neno daktari ndani yake, haimpi mtu nafasi katika daftari hilo. Fiziotherapia nayo ina sheria yake ya mwaka 2014 na baraza lake. Tabibu wa kairopraktiki si daktari wa hospitali wala si mtaalamu wa fiziotherapia, na asijitambulishe kwa mgonjwa kwa jina lisilo lake.

Ikiwa nia ya mwanao ni kuwahudumia wenye maumivu ya viungo, mwonyeshe pia njia iliyo karibu. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, hutoa diploma ya fiziotherapia, na Chuo Kikuu cha JKUAT hutoa shahada yake. Gharama ni sehemu ndogo tu ya ile ya ng'ambo, na kazi iko katika hospitali za serikali na za binafsi. Huenda bado akachagua kairopraktiki, lakini atakuwa amechagua akijua.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

1. Je, chuo kinatambuliwa na nani? Kwa Marekani, uliza kama kozi imeidhinishwa na baraza la elimu ya kairopraktiki, CCE, ambalo serikali ya nchi hiyo ililitambua mwaka 1974. Hakikisha kwa baraza lenyewe, si kwa wakala aliyekuletea fomu.

2. Je, saa za masomo ni ngapi, na za kliniki ni ngapi? Linganisha na 4,200 na 1,000.

3. Je, wanafunzi wangapi humaliza, na wangapi hupita mtihani wa leseni? Chuo kinachokataa kujibu kimekujibu.

4. Je, shahada itatambuliwa hapa? Andikia Wizara ya Afya na KNQA, uombe jibu la barua. Neno la mdomo halitakusaidia miaka saba baadaye.

5. Je, chuo hufundisha lini mgonjwa apelekwe kwa daktari? Tazama mtaala. Kama hakuna elimu ya magonjwa, eksirei na dalili za hatari, ondoka.

6. Je, mikono na mgongo wa kijana mwenyewe vinaweza kazi hiyo? Ni kazi ya kusimama na kuinama kutwa.

Kuuliza si ujinga. Mzazi anayeuliza maswali haya sita hamvunji moyo mwanawe, bali anamlinda yeye pamoja na wagonjwa atakaowashika kesho. Nawe kijana, ukiyapata majibu mazuri, nenda ukasome kwa bidii. Kenya ina migongo mingi inayouma, na inahitaji mikono iliyofunzwa na wenye mikono hiyo wanaosema ukweli.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia mazoezi matano ya mgongo ambayo mtu wa ofisini anaweza kuyafanya bila kifaa chochote.